Oili Tubadilishe Wenyewe, Lakini Ngozi Yetu Tuilinde

Katika mkutano wa tawi letu uliopita yalizuka mabishano makali juu ya jambo ambalo wengine wataliona dogo. Wanachama wetu wa chama cha kuweka na kukopa wana pikapu moja ya dizeli, kuukuu lakini nzima. Pikapu hiyo hubeba matoke na mkaa siku za soko, na usiku hubeba mgonjwa kumpeleka hospitali. Wakati wa kubadilisha oili ulipofika, upande mmoja ulisema gari lipelekwe gereji mjini. Upande wa pili ukasema hapana, tutabadilisha wenyewe nyumbani, uani, Jumapili, kwa spana zetu.

Tumeombwa tutoe maoni yetu katika ukurasa huu, nasi tunayatoa wazi. Tunasema mfanyakazi abadilishe oili ya gari lake mwenyewe. Lakini tunasema pia kwamba asiibadilishe kwa namna tunavyobadilishiwa kazini, maana namna hiyo inatuua polepole. Hayo mambo mawili yanakwenda pamoja, na ndiyo sababu tunaomba ndugu msomaji asiishie kwenye nusu ya kwanza tu.

Tuanze na nusu hiyo ya kwanza. Ni nani anayemwaga oili ya matrekta ya shamba la miwa? Ni sisi. Ni nani anayelala chini ya lori la majani ya chai wakati wengine wamekwenda kula? Ni sisi. Ujuzi huo hatukuupata chuoni, tuliupata kwa jasho, kwa kuchubuka vidole na kwa kukemewa na msimamizi. Basi haifai kuuacha ujuzi huo getini kila jioni kana kwamba nao ni mali ya mwajiri. Akili ni mali, na hii ni mali yetu.

Tena injini ya dizeli si kitu cha kuchelewesha. Injini ya petroli huwasha mafuta yake kwa cheche ya plagi, lakini ya dizeli haina cheche. Huibana hewa kwa nguvu nyingi mpaka ikawa ya moto mno, ndipo dizeli hurushwa ndani na kuwaka yenyewe. Kwa sababu hiyo beringi na pistoni zake hubeba mzigo mkubwa, na kinachozuia chuma kisisage chuma ni utando mwembamba wa oili. Uwakaji huo huleta masizi, na dizeli yenye salfa huleta asidi. Oili nzuri hubeba masizi hayo yasigande, na ndani yake imetiwa dawa ya kuua asidi. Dawa hiyo huisha. Ikiisha, oili bado ipo na kijiti bado kinaonyesha kipimo kizuri, lakini injini inaliwa ndani kwa ndani kama mti wenye mchwa.

Hapa kuna kosa ambalo wengi hulifanya. Mtu huangalia oili ya dizeli, huiona nyeusi, akasema imekwisha. Mwingine huiona nyeusi, akasema ndivyo ilivyo siku zote, aiache. Wote wawili wamekosea. Oili ya dizeli huwa nyeusi mapema sana, kwa sababu kazi yake mojawapo ni kubeba masizi, na rangi haikuambii kitu. Linalokuambia ni kilomita zilizokwenda, au saa za kazi kama ni trekta au jenereta, na kitabu cha injini yenyewe. Kwa pikapu kuukuu kwenye barabara zetu za marramu na vumbi, wengi wetu tumezoea kila kilomita 5,000, na hatuoni sababu ya kurefusha. Andika kilomita na tarehe kwenye daftari, maana mali bila daftari huisha bila habari.

Walikuwapo wenzetu mkutanoni waliosema kwamba tukibadilisha oili wenyewe tunawanyima kazi mafundi wa gereji, nao ni wafanyakazi kama sisi. Hoja hii tunaiheshimu, wala hatuwezi kuipita kimya. Jibu letu ni kwamba fundi ana kazi ambazo sisi hatuziwezi: pampu ya dizeli, nozeli, kupima beringi, kuchonga silinda. Huko ndiko apate malipo yake kamili bila kupunjwa. Gari linalobadilishiwa oili kwa wakati linaishi muda mrefu, nalo litampelekea fundi kazi miaka mingi. Gari lililokufa injini huuzwa kwa kilo kama chuma chakavu, na hapo hapati kitu fundi wala mwenye gari.

Sasa tueleze kazi yenyewe, ili anayeanza asiharibu. Ninyi mnaoijua tuvumilieni.

Kwanza, gari lisimame mahali tambarare, hendibreki ivutwe, magurudumu yazuiwe kwa mawe au magogo. Injini ichemshwe kidogo tu ili oili iwe nyepesi na iondoke na uchafu wake. Usiichemshe sana, kwa maana oili ya moto ikikumwagikia mkononi itakuchuna ngozi. Kazi hii ifanyike nje kwenye hewa. Usiwashe injini ndani ya banda lililofungwa. Tangu Juni 2012 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani limeuweka moshi wa dizeli katika kundi la kwanza, yaani la vitu ambavyo imethibitika kwamba vinaleta saratani kwa binadamu.

Pili, pikapu nyingi ziko juu vya kutosha, na mtu mwembamba anaweza kuingia chini bila kuliinua gari. Kama ni lazima kuinua, tunasema kwa herufi kubwa: USIINGIE CHINI YA GARI LINALOSHIKWA NA JEKI PEKE YAKE. Jeki ni ya kuinulia, si ya kushikilia. Matofali nayo hupasuka ghafla bila kutoa onyo. Weka stendi za chuma zilizo imara, au endesha gari juu ya mtaro wa kutengenezea kama upo, na mtu wa pili awe karibu muda wote.

Tatu, fungua kifuniko cha juu cha kujazia oili, weka karai chini, kisha legeza nati ya kumwagia. Acha imwagike mpaka iwe matone, dakika kumi na tano au ishirini. Itazame inapotoka. Ikiwa kama chai ya maziwa, maji yameingia. Ikiwa nyepesi mno, inanuka dizeli, na kipimo kilikuwa kinapanda badala ya kushuka, basi dizeli inavuja ndani ya oili. Ukikuta vipande vya chuma vinang'aa, beringi zinalia. Hapo usitie oili mpya ukajidanganya, muite fundi.

Nne, badilisha filta pia. Kutia oili mpya na kuacha filta ya zamani ni kuoga na kuvaa shati chafu. Hakikisha mpira wa filta ya zamani umetoka nayo, haukubaki umegandamana. Paka oili mpya kwenye mpira wa filta mpya, na kama filta inasimama wima ijaze oili kwanza. Ikaze kwa mkono mpaka mpira uguse, kisha izungushe kama ilivyoandikwa juu yake. Usiikaze kwa spana. Rudisha nati pamoja na washa mpya, na usiikaze kwa hasira, maana nyuzi zikikatika hasara yake ni kubwa kuliko bei ya oili.

Tano, tia oili iliyotajwa na kitabu cha injini. Juu ya kopo la oili ya dizeli tafuta alama ya daraja inayoanza na herufi C, kwani zinazoanza na S ni za petroli. Makopo mengine yana zote mbili, hayo hayana ubaya. Nunua kopo ambalo lakiri yake haijavunjwa, tena kwa muuzaji anayejulikana. Kopo zuri linaweza kujazwa oili mbovu, na walioumia kwa hila hiyo ni wengi. Tia kidogo pungufu, ngoja, pima kwa kijiti, ongeza mpaka kati ya alama mbili. Usizidishe. Oili ikizidi, kranki huipiga ikawa povu. Mbaya zaidi, injini ya dizeli inaweza kuinyonya oili yake yenyewe, ikaendelea kunguruma hata ukiwa umezima ufunguo.

Mwisho, washa bila kukanyaga moto mpaka taa ya oili izimike, hasa kama injini ina tabo. Chungulia chini kama inavuja. Zima, ngoja, pima tena. Kazi imekwisha.

Lakini je, kweli imekwisha? Ndugu wafanyakazi, hapa ndipo tunapoingia katika nusu ya pili ya maoni yetu, iliyo nzito kuliko ya kwanza. Gari limepata oili safi. Karai limejaa oili chafu, na mikono yetu ni myeusi mpaka viwikoni. Hiyo oili chafu ni ya nani? Na mikono hiyo ni ya nani?

Oili mpya imesafishwa sana kiwandani, na haina ubaya mkubwa kwa ngozi ikioshwa upesi. Oili iliyotumika ni kitu kingine. Imebeba mabaki ya moto wa injini, na ndani ya mabaki hayo mna kemikali zinazoweza kuleta saratani ya ngozi kwa mtu anayeguswa nazo siku baada ya siku, mwaka baada ya mwaka. Hatusemi kwamba anayechafuka mara moja uani ataugua. Tunamsema yule anayechafuka kila siku, akaenda nyumbani na ovaroli ile ile, akaweka tambara lile lile mfukoni.

Habari hii si ngeni, na wafanyakazi wa nchi nyingine waliilipia kwa miili yao. Katika wilaya ya Lancashire, Uingereza, walikuwapo wasokota pamba waliofanya kazi kwenye mashine kubwa za kusokotea. Misukosuko ya vyuma ilirusha matone ya mafuta ya kulainishia, na mfanyakazi aliinama juu ya mashine ile kutwa, nguo zake zikalowa mafuta sehemu za chini ya kiuno. Mwaka 1922 madaktari wa Manchester waliandika kwamba miongoni mwa wagonjwa waliowaona wenye saratani ya mfuko wa korodani, sehemu kubwa walikuwa wasokota pamba hao. Saratani hiyo haikuja kwa uchawi wala kwa zinaa. Ilitoka kwenye nguo iliyolowa mafuta, iliyogusa ngozi ile ile kwa miaka mingi.

Vyama vya wafanyakazi vilipiga kelele, na dunia ikasikia kwa shida. Mwaka 1934 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba wake namba 42 juu ya fidia ya magonjwa ya kazini. Katika orodha yake imo saratani ya ngozi inayotokana na lami, mafuta ya madini na mabaki yake. Hebu tafakari mwaka huo. Hao walioandika orodha ile wengi wao wamekwisha kufa, na wajukuu wao ni wazee. Hata hivyo leo, katika karakana nyingi za mashamba na viwanda, mfanyakazi anaambiwa kwamba oili ni uchafu wa kawaida tu, kazi ni kazi.

Sisi tunayajua hayo kwa macho yetu. Katika karakana tuliyofanyia kazi, tuliomba glavu, tukajibiwa kwamba glavu zinamchelewesha fundi. Tuliomba sabuni, tukaletewa dizeli ndani ya debe tunawie mikono. Dizeli huondoa weusi, ni kweli, lakini huondoa pia mafuta ya asili yanayoilinda ngozi, na kuiacha imepasuka, ili kesho sumu ipate mlango wa kuingilia. Mwenzetu mmoja, mzee wetu wa karakana, mikono yake ilijaa vidonda visivyopona na magamba meusi. Hakupelekwa kwa daktari wa kazi. Alipostaafu alipewa saa ya ukutani. Hatutaji jina la mwajiri, kwa sababu anayesoma hapa atadhani tunamsema wa kwake, na mara nyingi atakuwa hakukosea.

Sasa tazameni ubaya wa mazoea. Yale tuliyofanyiwa kazini tumeyachukua mpaka nyumbani kwetu. Tunabadilisha oili uani bila glavu, tunanawa kwa dizeli, na ovaroli tunampa mama watoto aifue pamoja na nepi za mtoto. Karai tunalimwaga kwenye mtaro, nao mtaro unakwenda kijitoni, na kijito ndicho wanachochotea maji wenzetu wa kambi ya chini kabla hakijafika ziwani. Tunaimwaga njiani kuua vumbi. Tunaipaka kwenye nguzo za nyumba kuzuia mchwa, kisha watoto wanaziegemea nguzo hizo. Wengine huipaka hata kwenye kidonda cha mbuzi au cha mtu. Bwana mkubwa hayupo hapo. Hapo tunajiua wenyewe bila hata kulipwa mshahara.

Ndiyo maana tunasema uani petu pawe shule. Tukijizoeza kufanya kazi hii nyumbani kama inavyotakiwa, hatutakubali tena kuifanya kazini kama inavyokatazwa. Mtu aliyezoea glavu Jumapili ataziulizia Jumatatu.

Basi sisi wenyewe tukubaliane haya. Tuvae glavu za mpira zisizopitisha mafuta, na zikipasuka tuzitupe. Tunawe kwa sabuni na maji, na kama weusi ni mkaidi, tusugue kwa sabuni na sukari kidogo au unga wa mbao, wala si kwa dizeli au petroli. Tambara lenye oili lisikae mfukoni hata dakika moja. Nguo za kazi hiyo zifuliwe peke yake. Oili chafu irudishwe kwenye makopo yaliyofungwa vizuri, yaandikwe, yawekwe mbali na watoto na mbali na jiko, isichanganywe na maji wala petroli. Filta ya zamani itobolewe, ikae kichwa chini mpaka ikauke, nayo iwekwe pamoja nayo. Ukiona kidonda kisichopona au kinundu kinachokua, nenda hospitali, umwambie daktari kazi unayofanya. Daktari asipouliza, mwambie wewe.

Na kwa mwajiri tunadai haya. Kwanza, glavu, sabuni na ovaroli za kubadilisha zitolewe bure. Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unasema kwamba hatua za usalama na afya kazini zisimgharimu mfanyakazi chochote, na tangu Juni 2022 mkataba huo umehesabiwa miongoni mwa mikataba ya msingi ya shirika hilo. Hapa Uganda tunayo Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006, inayomtwika mwajiri jukumu la kumlinda mfanyakazi, na inayozungumzia wawakilishi na kamati za usalama. Kama karakana yako haina mwakilishi, tawi lilete jina lake kwenye mkutano ujao.

Pili, mashamba na viwanda vyenye matangi ya kukusanyia oili chafu yapokee pia makopo ya wafanyakazi wao. Hili si ombi la sadaka. Oili iliyotumika ina thamani, kwani inaweza kusafishwa tena ikawa oili, au kuchomwa katika matanuru ya saruji yenye joto kali. Mwajiri akiiuza oili yake chafu kwa wakusanyaji wanaoruhusiwa na serikali, debe letu moja halitamzidishia mzigo. Na maji ya kijito kile huyanywa mfanyakazi wake.

Tatu, mafundi wa karakana na madereva wapimwe ngozi na daktari mara kwa mara, na matokeo waambiwe wao wenyewe, yasifungiwe ofisini.

Wako watakaosema chama kina mambo makubwa ya kushughulikia, mishahara na mikataba ya msimu, sasa kimeanza kuzungumzia karai la oili. Tunawajibu kwamba mshahara hutafutwa kwa mikono. Mikono ikiharibika, nyongeza tutaipokea kwa nini?

Kuhusu pikapu yetu, mkutano ulikubaliana mwishowe. Jumapili ijayo itabadilishwa oili hapo uani, mbele ya vijana wanaotaka kujifunza, na mafundi wetu wawili wa karakana ndio watakaofundisha. Glavu zimenunuliwa kwa mfuko wa tawi. Na Jumatatu asubuhi, kopo la oili chafu litapelekwa na wajumbe watatu mpaka kwenye ofisi ya meneja, pamoja na barua yenye madai yale matatu. Tunawaomba wanachama wa zamu ya asubuhi wawasindikize.